Mjadala: Wagonjwa wa kiharusi walipwe ili waingie kwenye utafiti wa mazoezi?

Mpwa wa Tandika: Wakuu, shikamooni wakubwa. Mjomba alipata kiharusi, upande wa kulia umepooza na kauli imepotea. Hospitali moja hapa mjini inamtaka kwenye utafiti wa mazoezi ya viungo, mara tatu kwa wiki, wiki nane. Nauli wanarudisha ya daladala. Mtu aliyepooza atapanda daladala gani asubuhi? Ni bajaji kwenda na kurudi, na anayemsindikiza anakosa kibarua siku hiyo. Dada anayeandikisha anasema wagonjwa hawapatikani. Je, walipwe?

Nesi Mstaafu: Nimekaa wodini miaka 27. Hela si tatizo. Mgonjwa anataka, ndugu ndio hawataki. Wengine wanasubiri mirathi.

Mama Zuhura: Dada Nesi, hapo umenichoma. Baba yangu nimemgeuza kitandani miezi kumi na minne, kila baada ya saa mbili, asipate vidonda. Genge langu la Mbagala nimelifunga. Mirathi ipi? Utafiti tuliukataa, ndiyo. Walikuja na karatasi kurasa saba, wakasema atapigiwa kura: apate mazoezi mapya au yale ya siku zote. Mzazi wangu apigiwe kura kama kiwanja?

Mwanafunzi wa Mazoezi Tiba: Mama, shikamoo. Kura ipo kwa sababu hakuna ajuaye lipi bora. Kuna utafiti ulioongozwa na Australia, wagonjwa 2,104, ukatoka 2015. Kila mtu aliamini mgonjwa akiinuliwa kitandani ndani ya saa 24 na kufanyishwa mazoezi mengi atapona vizuri zaidi. Walioinuliwa hivyo ndio waliofanya vibaya kuliko wenzao. Bila kura tungeendelea kuwaumiza.

Mama Zuhura: Marahaba mwanangu. Mimi nazungumzia baba yangu, wewe unaniletea Australia. Namngoja Nesi.

Mzee wa Mwananyamala: Mnazunguka tu. Sisi ndugu yetu tulimpeleka kwa mganga Bagamoyo kwanza, tuliambiwa ni upepo mbaya. Tulivyofika hospitali wiki ya tatu, wale wa utafiti wakasema amechelewa, wanataka wa siku za mwanzo.

Kimara Mwisho: Hapo ndipo penye ugonjwa, mzee wangu. Ushirikina unatumaliza, halafu tunalaumu nauli.

Mzee wa Mwananyamala: Kijana, usinitukane. Hospitali tulikwenda pia. Mtu amelala mzima, kaamka mdomo umekwenda upande, wewe ungewaza nini usiku ule? Daktari alitufokea mbele ya wagonjwa wengine, kisha akatupa fomu tusaini. Ungesaini?

Kimara Mwisho: Fomu nisingesaini, hilo nakubali. Bagamoyo nisingekwenda.

Mwanafunzi wa Mazoezi Tiba: Tusidhani ni sisi peke yetu. Marekani walifanya utafiti wa kufunga mkono mzima ili ule ulioathirika ulazimike kufanya kazi. Walichuja watu 3,626, wakaingia 222. Wengi hawakidhi masharti. Na kwetu haja ni kubwa: hesabu ya 2003 hadi 2006, baada ya kurekebisha tofauti za umri, ilikuta Dar wagonjwa wapya wa kiharusi kama 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro 109.

Kimara Mwisho: Basi familia wafundishwe wawafanyishe nyumbani, yaishe.

Mwanafunzi wa Mazoezi Tiba: India wamelijaribu hilo, wagonjwa 1,250, majibu 2017. Kuwafundisha ndugu hakukuonyesha tofauti.

Mama Zuhura: Kwa hiyo miezi yangu kumi na minne ni bure?

Mwanafunzi wa Mazoezi Tiba: Hapana mama, sikusema hivyo. Kumgeuza kumemkinga na vidonda. Nisamehe.

Nesi Mstaafu: Mama Zuhura, nimekusoma. Nimeona waliotelekezwa wodini, wakafa bila mgeni hata mmoja, nami nilibaki na hasira. Lakini si haki kukuweka wewe humo. Naomba radhi.

Mpwa wa Tandika: Wakuu, swali langu limepotea, na sasa si la hela tena. Mjomba haongei ila anaelewa. Ukimuuliza anabana mkono wa kushoto. Fomu anataka kusaini kaka yake mkubwa, ambaye hajamtembelea tangu augue. Anayemuuguza kitandani ni mimi. Dole gumba la nani?

Nesi Mstaafu: La mjomba. Mwombe dada wa utafiti amsomee polepole, kipande kwa kipande, wewe ukiwepo. Akibana mkono, wino upakwe kidole chake cha kushoto, nawe ushuhudie. Akigoma, msimlazimishe.

Mpwa wa Tandika: Ahsante. Jumatatu saa tatu wanatungoja. Mama Zuhura, usiku unampanga nani wa kumgeuza?

Mama Zuhura: Saa nne hadi saa nane mimi, saa nane hadi alfajiri mwanangu wa kidato cha tatu. Mto mmoja uweke katikati ya magoti.