Nililipia RAID ya usalama, fundi akaniwekea RAID 0. Harusi tatu za watu zimepotea

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Natengeneza video za harusi hapa Dar. Miezi minane iliyopita nilinunua diski mbili za terabaiti 4 kila moja, nikampelekea fundi Kariakoo pamoja na kompyuta yangu ya mezani. Nilimwambia hivi: "Nataka moja ikifa, kazi za watu zibaki kwenye nyingine." Akasema ameelewa, ataweka RAID, yaani mpangilio wa kuunganisha diski zifanye kazi kama moja. Nikamlipa laki na nusu ya ufundi.

Wiki iliyopita diski moja ikaanza kugonga. Kesho yake nawasha, skrini inaandika Failed, yaani imeshindwa. Sikupata hata presha, maana siku kama hiyo ndiyo niliyoilipia. Kumbe alipanga RAID 0!

Kwa asiyejua: RAID 1 inaandika kitu kilekile kwenye diski zote mbili. RAID 0 inakata faili vipande vidogo, mara nyingi vya kilobaiti 64 au 128, hiki huku, kinachofuata kule. Diski moja ikienda, video ya saa tatu inabaki na matundu mwanzo hadi mwisho, haifai kitu. Ningekaa na diski moja tu ningekuwa salama zaidi, kwa sababu hapa yoyote kati ya hizo mbili ikifa inaondoka na zote.

Na kosa lenyewe halikujificha. Kwenye menyu ya kuwekea, 0 imeandikwa Stripe (kugawa vipande) na 1 imeandikwa Mirror (kioo, yaani nakala). Diski mbili za 4 zikiwa RAID 1, Windows inaonyesha terabaiti 3.63. Yangu ilionyesha 7.27. Mimi niliona nafasi kubwa nikafurahi, lakini yeye fundi alitakiwa ashtuke palepale. Kama na wewe ulipangiwa na mtu, kaangalie hiyo namba leo.

Nimemfuata. Ananijibu: "Dada, sifuri ndiyo ina spidi, watu wa video wote wanataka spidi." Nani alimwomba spidi?

Kipimo chenyewe ni cha dakika kumi. Zima mashine, chomoa waya wa data wa diski moja, washa. RAID 1 itaandika Degraded, yaani imepungukiwa diski, na faili zote zitafunguka. Ukirudisha waya inajijenga upya, hata kama itachukua saa kadhaa. Angefanya hivyo mara moja mbele yangu, kabla sijaweka kazi ya mtu humo, leo nisingekuwa naandika haya.

Msinijie na "RAID si bakapu". Najua, ukifuta faili inafutika kote. Kazi zilizokamilika ninazo kwenye diski ya nje. Zilizopotea ni video mbichi za harusi tatu, na kadi za kamera zilishafutwa na kurudi kazini. Kwenye mojawapo kuna bibi wa bwana harusi akicheza na wajukuu. Bibi huyo amefariki mwezi uliopita, na mimi ndiye niliyelazimika kuwapigia simu.

Fundi anataka kunirudishia nusu. Nimekataa. Arudishe yote na achangie gharama ya uokoaji.

Diski zote mbili nimezichomoa, sijaziwasha tena. Anayemjua mtu anayebadilisha vichwa vya diski (vile vinavyosoma data) kwenye chumba kisicho na vumbi, awe hapa au Nairobi, tafadhali aniandikie.