Mama anaogopa mashine ya presha na simu niliyomnunulia, naombeni ushauri

Bintimkubwa:
Habari zenu wadau. Mama ana miaka 72, ana presha na sukari, nami naishi mbali naye. Nilimnunulia mashine ya kupimia presha na simu ya kugusa yenye programu ya kumkumbusha dawa. Mwezi wa tatu huu, vyote viko kabatini. Nikipiga, kila siku ananiambia amepima, ni 120 kwa 80. Juzi jirani alimpima ikasoma 168 kwa 94. Nimelia sana. Sitaki kumgombeza. Nifanyeje?

Mpwa:
Pole dada. Kwa baba nilikosea hapo hapo: simu nilishika mimi, nikabonyeza haraka haraka, yeye akabaki kutazama. Alijifunza siku nilipomwachia abonyeze mwenyewe, hata akikosea. Wiki nzima tulishughulika na kengele ya dawa tu. Kuza maandishi, ondoa kwenye kioo kila asichotumia. Na simu isipoitikia akigusa, si kosa lake. Vidole vya wazee huwa vikavu.

Nesi mstaafu:
Hiyo 168 ilipimwaje? Akae ameegemea dakika 5 bila kuongea, miguu sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi, si juu ya nguo. Asiwe amekunywa kahawa nusu saa kabla. Apime mara mbili, apumzike dakika moja katikati. Vipimo vya nyumbani vikiwa kwa wastani 135 kwa 85 au zaidi, daktari aone. Ikifika 180 kwa 120 na kifua kinauma, anahema kwa shida au ulimi unakuwa mzito, hospitali saa hiyo hiyo. Kuandika asihangaike, mashine nyingi hutunza vipimo zenyewe. Aibebe kliniki.

Babu wa wanne:
Mwanangu, mimi nina miaka 70 na nimewahi kuwadanganya wanangu hivyo hivyo. Namba ikipanda tunaogopa mtaanza kuitana vikao kuamua nani akae na sisi. Usimuulize kama amepima. Mtajie kwanza za kwako, kisha umuulize mashine inamsumbua wapi.

Bintimkubwa:
Shikamoo babu. Nimepima yangu leo, nikampigia nikamwambia ni 131 kwa 84. Akanyamaza, kisha akasema mkanda unambana mpaka vidole vinakufa ganzi, anaogopa utamkata mkono. Miezi yote hii sikuwahi kumuuliza. Nesi, mama ni mnene, inawezekana mkanda ni mdogo?

Nesi mstaafu:
Inawezekana kabisa, na mkanda mdogo hupandisha namba. Apimwe mzunguko wa mkono kwa utepe wa fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Sentimita unazofaa zimeandikwa kwenye mkanda wenyewe. Zikizidi, tafuta mkanda mkubwa wa mashine hiyo hiyo, usinunue nyingine.

Bintimkubwa:
Jirani anaenda kumpima jioni hii. Nitarudi na jibu.