Hivi tukisema "serikali ituangalie" tunamwambia nani?

Wakuu habari za mchana. Jana kwenye daladala kuna jamaa analalamika mtaro wa kwao umeziba toka masika, kila akivuta pumzi "serikali ituangalie", nikamuuliza mwenyekiti wako wa mtaa ni nani, hajui! Mtendaji je? Hajui. Sasa anamwita nani, rais aje na chepe?

Nimechungulia Katiba ya 1977, ibara ya 6 inasema serikali ni pamoja na serikali za mitaa na mtu yeyote anayetekeleza madaraka kwa niaba yake. Yaani yule mzee anayekugongea muhuri barua ya utambulisho, bendera ya ofisi yake imechanika nusu, ndo serikali yenyewe. Ibara ya 8 inasema madaraka yote inayapata kwa wananchi. Mi naona sisi tumeifanya serikali kuwa limtu fulani likubwa liko Dodoma, la kuombwa na kuogopwa. Mnasemaje?

---

Mkuu umeongea kikatiba sana. Mwenyekiti hana hata mshahara, ushuru unakusanywa na halmashauri, mtaro atauzibua kwa muhuri? Serikali ni mwenye hela na mwenye bunduki, zingine ni siri kali tu 😂

---

Huko mjini ndo mnaonewa. Huku kijijini halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu kukubali, sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 hiyo, na mkutano ni kila mkazi mwenye miaka 18. Sisi mwenyekiti alikuja na mwekezaji wake tukamwambia asome kwanza mapato na matumizi, mwekezaji akaondoka na gari lake.

---

Hapo kwenye gari nimecheka. Ila wewe wa hela na bunduki nakupa nusu. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, mambo yote yakawa yanasukumwa toka juu, zikarudishwa kwa sheria za 1982, na Mwalimu mwenyewe alikuja kukiri kuzifuta lilikuwa kosa. Kitu kisicho na maana nani ahangaike kukifuta halafu akirudishe? Sijasema mzee azibue mtaro kwa muhuri, nasema mkamuulize barua aliyoandika halmashauri iko wapi. We mwenyewe mkutano wa mtaa umehudhuria lini mara ya mwisho?