Nimeambiwa nihamie viola: kuna aliyewahi kujenga jina kwa ala hii?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Nina miaka 19, napiga fidla mwaka wa sita sasa. Okestra yetu ya vijana ina fidla kumi na nne na viola moja tu, na mwongozaji ameniomba nihamie viola, ala ya jamii ya fidla ila kubwa kidogo na yenye sauti nzito zaidi, kuanzia mwezi ujao. Wenzangu wananipa pole utadhani nimefiwa. Wanasema viola ni ya kujazia sauti katikati, haitoki mbele ya jukwaa. Naomba wenye uzoefu wanieleze: kuna mtu aliyewahi kusimama na viola mbele ya okestra, na hiyo ikawa kazi yake ya maisha? Au ndoto yangu ndiyo imeishia hapa?

Bibi wa Nyuzi Nne:
Mwanangu, haijaishia popote. Mimi nilitoka kwenye fidla nikahamia viola miaka kumi na moja iliyopita, nikiwa nimeshavuka thelathini, na pole hizo nilipewa vilevile. Aliyenituliza moyo ni Lionel Tertis, mpiga viola wa Uingereza, kwa hiyo nivumilie nikusimulie.

Alizaliwa mwaka 1876 huko West Hartlepool, Uingereza, kwa wazazi wahamiaji wa Kiyahudi, akakulia Spitalfields, mashariki mwa London. Alianza na piano, na tangu akiwa kijana mdogo aliipiga kwa malipo ili apate ada ya masomo. Kisha akaingia kwenye fidla. Akiwa Royal Academy of Music, chuo cha muziki cha London, na miaka 19 hivi kama wewe, mwenzake mmoja alikuwa anatafuta mtu wa viola ili kundi lao la wanne litimie. Tertis akakubali, na viola hakuiacha tena. Mwalimu wa kumridhisha hakumpata, akajifundisha mwenyewe. Akawa anapandisha vidole juu kabisa ya shingo ya viola, sehemu ambazo wapigaji wa siku zile hawakuwa na mazoea ya kufika.

Sasa shida ikawa moja: apige nini? Muziki wa kupigia viola mbele ya okestra ulikuwa haba mno. Akawaendea watunzi. York Bowen akamtungia, Arnold Bax akamtungia, Vaughan Williams akamwandikia Flos Campi mwaka 1925. Koncheto (kazi ya ala moja mbele ya okestra) ya sello, ile ala kubwa ya jamii ya fidla, iliyotungwa na Elgar aliigeuza iwe ya viola, na Elgar mwenyewe akamwongozea okestra.

Lakini usidhani hakukosea. William Walton alimwandikia koncheto, Tertis akaiona ni ya kisasa kupita kiasi, akairudisha kwa posta. Ikaenda kwa Paul Hindemith, mtunzi Mjerumani ambaye naye alikuwa mpiga viola, akaipiga London tarehe 3 Oktoba 1929. Tertis alikuwepo ukumbini. Hebu fikiria umekaa kwenye kiti unasikiliza kazi uliyoikataa, na unaitambua kuwa ni kubwa! Alijutia, akakiri, kisha akajifunza koncheto ileile akaipiga yeye. Mimi hapo ndipo ninapompenda zaidi, kuliko hata kwenye sifa zake zote.

Siku ya kwanza nilipopitisha upinde kwenye uzi wa C, ule mnene wa sauti ya chini kabisa, mtetemo ulinifika kwenye taya na mfupa wa bega kabla sikio halijaelewa ni sauti gani. Fidla haina uzi huo.

Fundi Seremala:
Naongeza jambo la mwili, maana ala hizi napokea nyingi za kutengeneza. Sauti ya viola iko chini ya ile ya fidla kwa noti tano, ukihesabu ya mwanzo na ya mwisho. Kwa hesabu ya sauti, mwili wake ungepaswa kuwa mara moja na nusu ya ule wa fidla, yaani kama sentimita 53, na hakuna mtu wa kushika kitu hicho chini ya kidevu. Ndiyo maana haina kipimo kimoja. Utakuta ya 38, ya 40, ya 43. Tertis alipiga kubwa sana, mkono wa upinde ukamsumbua hadi akatangaza kustaafu mwaka 1937. Akatumia muda huo kubuni viola ya sentimita 42.5 akishirikiana na fundi Arthur Richardson. Baadaye akarudi jukwaani.

Mleta mada:
Asanteni sana, sikutegemea majibu haya. Nianze kusikiliza nini?

Bibi wa Nyuzi Nne:
Anza na Trauermusik, yaani muziki wa maombolezo, ya Hindemith. Aliiandika kwa siku moja tu, Januari 1936, baada ya kifo cha Mfalme George wa Tano wa Uingereza, akaipiga mwenyewe redioni. Ni fupi, kama dakika nane. Halafu mtafute mpiga viola William Primrose wa Glasgow, naye alitoka kwenye fidla. Ndiye aliyemwomba Béla Bartók, mtunzi wa Hungaria, koncheto. Bartók akafariki 1945 akiwa ameacha rasimu, Tibor Serly akaikamilisha, na Primrose akaipiga kwa mara ya kwanza Minneapolis mwaka 1949.

Mleta mada:
Stoo yetu kuna viola mbili, moja sentimita 39, nyingine 42. Kesho mchana naenda kuzijaribu.

Fundi Seremala:
Shika ya 39 kwanza. Nyoosha mkono wa kushoto mpaka mwisho wa ala. Kiwiko kikinyooka kabisa, hiyo ni kubwa kwako, irudishe.

Bibi wa Nyuzi Nne:
Na uzi wa kwanza kuupiga uwe C.