Mrejesho: lenzi niliyoichagua kwa popo wa Kidike

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niliwaomba ushauri nichague lenzi ipi ya kupigia picha popo wa Kidike, hifadhi ya popo hapa Pemba, kwa kamera yangu ya Canon yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo: ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8 (tundu la kupitishia mwanga; namba ikiwa ndogo, mwanga huingia mwingi), au ya milimita 55 hadi 250, inayovuta mbali zaidi, zote zikiwa zimeshatumika. Nimechukua hiyo ndefu, kwa sababu popo wa Kidike hulala juu sana mitini, na milimita 50, hata zikizidishwa kwa 1.6 kwa sababu ya sensa hiyo ndogo zikawa kama 80, haziwafikii.

Nawashukuru hasa kwa nasaha ya kumulika tochi ndani ya vioo kabla ya kulipa. Lenzi ya kwanza niliyooneshwa Chake Chake ilikuwa na nyuzi za kuvu mithili ya utando wa buibui; muuzaji alisema ni vumbi tu, nami nikaiacha. Unyevu wa Pemba hauna huruma, kwa hiyo yangu naihifadhi katika ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu.

Wakati wa magharibi, popo wanaporuka, picha bado hazitulii, kwani kwenye milimita 250 uwazi wa f/5.6 hupitisha takriban sehemu moja tu ya kumi ya mwanga wa f/1.8. Sasa nakwenda alasiri, wangali wananing'inia.