Viti vya nje vya mbao kwa anayeanza: paleti, paini ya dawa au mtiki?

mgeni_wa_randa

Wakuu, heshima kwenu.

Nina uwanja mdogo nyuma ya nyumba, Kigamboni. Una mwembe mmoja, na jioni upepo wa bahari unafika vizuri tu. Kinachokosekana ni pa kukalia. Viti vya plastiki vitatu vimevunjika miguu ndani ya mwaka mmoja, na cha mwisho kilimwangusha shemeji mbele ya wageni. Sitaki tena habari hiyo. Nataka kutengeneza viti vinne kwa mkono wangu.

Uzoefu wangu ni banda la kuku na benchi moja. Benchi ndilo lililonitia adabu: nilinunua mbao mbichi bila kujua, nikapiga misumari ya inchi 4 karibu kabisa na ncha, zikapasuka. Ambazo hazikupasuka zilikauka zikapinda, mguu mmoja ukawa unaangalia Bagamoyo.

Vifaa nilivyo navyo: msumeno wa mkono, nyundo, drili ya umeme, guni (kipimo cha pembe), futi na msasa. Mashine ya kuranda sina.

Nimeona njia tatu. Ya kwanza ni kubomoa paleti za mizigo, maana napata bure kwa jamaa mmoja wa maghala. Ya pili, paini iliyotiwa dawa, mbao za inchi mbili kwa nne na moja kwa nne. Ya tatu, nijikaze ninunue mtiki au mninga mara moja, nisahau. Kiti kitalala nje mwaka mzima, masika na vuli, jua na chumvi.

Ipi ni ipi? Naomba kuwasilisha.

---

Mama_Kirumba

Mimi nimepita njia ya paleti hapa Mwanza, kwa hiyo niulize mimi.

Bure hiyo ina gharama yake. Misumari ya paleti imesokotwa, haitoki kwa kuvutwa. Ukitia mtaimbo ubao unapasuka. Paleti sita nilizibomoa siku mbili nzima na mbao zilizofaa zilikuwa kama nusu. Baadaye ndipo kijana mmoja alinionyesha kukata misumari kwa bleedi ya kukatia chuma katikati ya ubao na gogo, ubao unatoka mzima na kichwa cha msumari kinabaki ndani kama kifungo.

Kabla ya kubomoa tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT maana yake mbao zilipashwa moto kuua wadudu, nyuzi 56 mpaka kwenye kiini kwa nusu saa. Hizo chukua. Zenye MB zilifukizwa gesi ya sumu, waachie wenyewe. Na yenye madoa ya kitu usichokijua iache pia, hata kama muhuri ni mzuri.

Nilivyotengeneza ni viwili. Kilichokaa barazani chini ya bati kina mwaka wa tatu na bado kizima. Kilichokaa nje kilianza kuoza miguu masika ya pili. Kosa lingine ni langu: nilifuata upana wa paleti, kiti kikawa kirefu kwenda nyuma kupita kiasi. Mama mkwe alikaa, akashindwa kuinuka, tukamvuta watu wawili. Alicheka, lakini hajakikalia tena.

---

mafinga_mbao

Niko kwenye biashara hii, kwa hiyo nitasema la mbao tu, ya ufundi nawaachia mafundi.

Paini nyingi inayoshuka Dar inatoka huku kwetu Mufindi, Sao Hill na mashamba ya watu binafsi. "Ya dawa" inaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Kuna iliyowekwa kwenye tangi, dawa ikasukumwa kwa presha ikaingia ndani. Na kuna iliyochovywa kwenye beseni ikatolewa. Kwa macho zote ni za kijani. Mwambie muuzaji akukatie ncha, kama futi moja hivi, uangalie ndani. Kijani kikiwa juu juu tu kama ngozi ya embe, ni rangi tu hiyo. Usiangalie ncha ya zamani, maana nchani dawa huingia hata kwa kuchovya.

Tatu za haraka. Ukikata mwenyewe, ncha mpya inaweza kuwa haina dawa ya kutosha, nunua kopo dogo upake. Vipande vya mabaki usivipeleke jikoni, kwa sababu dawa nyingi za aina hii zina aseniki. Moshi wake si wa kupikia wala kuota moto. Na vaa barakoa ukipiga msasa.

Kuhusu ubichi: nyanyua mbao mbili za saizi moja, nzito ndiyo mbichi. Zote zikiwa nzito, zilaze kivulini juu ya vijiti, kila safu na vijiti vyake, weka tofali juu, subiri wiki tatu au nne. Najua hutasubiri. Hakuna anayesubiri.

---

jua_kali_nakuru

Huku Kenya wengi wetu tunatumia saiprasi, ni laini kwa msumeno na inanukia poa. Blugamu iko rahisi kupatikana lakini ikikauka inajipinda na kupasuka, usiiguse kwa kiti cha kwanza.

Mimi nataka kuongeza njia ya nne, ile chair ya Wamarekani ya Adirondack, yenye mgongo kama feni na mikono mipana ya kuweka kikombe. Ilibuniwa 1903 na mtu aitwaye Thomas Lee kule Westport, New York, kwa nyumba yake ya likizo. Nilitengeneza moja. Inakaliwa vizuri sana, lakini miguu ya nyuma ina mkunjo, mgongo una duara, na kila pembe inategemea nyingine. Kwa msumeno wa mkono nilitoa jasho wikendi tatu. Halafu ni ya kulala, si ya kula. Ukiwa na sahani ya nyama mapajani, utaila ikiwa kifuani.

---

mgeni_wa_randa

Mama Kirumba, nimecheka mpaka basi, lakini nimeelewa. Paleti naanza kuziogopa. Vipi mtiki? Kuna mtu kaniambia mbao za Longuza, Muheza, zinafika hapa mjini na kwamba mtiki hauozi.

---

mzee_wa_tezo

Kijana, nimekuwa na randa mkononi tangu kabla ya drili za umeme kujaa mjini. Mtiki ni mti mzuri, lakini mtiki una kiini na una mweupe wa pembeni. Kiini kina mafuta yake, hakisumbuki na mvua. Mweupe unaliwa kama mwingine wowote. Miti michanga ina mweupe mwingi, na ndiyo inayouzwa kwa bei ya kuvutia. Mninga ni hivyo hivyo, mwekundu ndio mninga, mweupe ni chakula cha bungua. Tena mninga ni mti wa msituni. Usiponunua penye risiti unanunua matatizo.

Lakini hapo siyo penye ugonjwa. Nimetengeneza upya viti vingi vilivyorudishwa, na karibu vyote vimekufa mahali pamoja: chini ya miguu na kwenye maungio, pale maji yanapoingia yakakosa njia ya kutoka. Mbao ya mninga iliyosimama kwenye udongo uliolowa huwezi kuilinganisha na paini iliyosimama juu ya jiwe. Ya paini itaizika.

Kwa hiyo nakushauri paini, umbo la kawaida la mbili kwa nne, na akili yako yote uipeleke kwenye maji. Kiti kimoja kinakula mbao mbili za mbili kwa nne na mbili za moja kwa nne, za futi 12. Kata hivi:

Mbili kwa nne ya kwanza: vipande viwili vya sm 75 (mgongo) na vitatu vya sm 60.
Ya pili: vitatu vya sm 60 na viwili vya sm 55.
Moja kwa nne: vipande kumi vya sm 55, vitano vya kukalia na vitano vya mgongo, na viwili vya sm 65 vya kuwekea mikono.

Vile sita vya sm 60, vinne ni miguu, viwili ni vya ubavuni chini ya kalio (sehemu ya kukalia). Vya sm 55 vinaunganisha ubavu na ubavu, mbele na nyuma. Kalio liwe juu ya ardhi sm 40 mbele na 35 nyuma, ukiinama kidogo kwenda nyuma mwili unatulia wenyewe. Mgongo ulale: kwa kila sm 50 za kupanda, urudi nyuma sm 13. Kina cha kukalia kisizidi sm 50, hapo mama mkwe wa mtu atainuka bila winchi.

Kati ya ubao na ubao wa kukalia acha nafasi ya sm 1. Si urembo, ni mfereji. Juu ya mikono, inamisha kidogo sana kwenda nje. Ncha za miguu pigia randa au msasa pembeni ziwe na mtelemko, zipake dawa mara tatu, kisha chini yake gongomea kipande cha mpira wa tairi.

---

shangani_boy

Mzee shikamoo. Nakubaliana na yote, naongeza la kutu, maana sisi Unguja tunalijua.

Kigamboni ni bahari ile ile. Skrubu nyeusi za gipsamu usizitie nje, nimeona zikikatika ndani ya mwaka na kuacha mstari mweusi kwenye mbao kama machozi ya wanja. Pata stenlesi, au angalau zilizochovywa zinki nzito, zile zenye rangi ya bati lisilong'aa. Miguu na ubavu usiziamini skrubu peke yake, tia bolti ya milimita 8 na washa (vile vipete bapa vya chuma) pande zote mbili.

Na toboa kwanza! Mafundi wa majahazi wanatoboa kwa keekee kabla ya kila msumari, na hao wana mbao nene kuliko zako. Kwa paini, tundu la milimita 3 kwa skrubu ya 5 linatosha. Benchi lako halikupasuka kwa bahati mbaya.

---

mzee_wa_tezo

Marahaba. Umesema vema. Lakini usimwambie apake sifa (mafuta ya papa) kama jahazi, majirani watahama.

---

Mama_Kirumba

Hahaha! Kwa kupaka, je? Mimi nilipaka vanishi, ikabanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Na hapa mtaani kila fundi anasema oili chafu ya gari.

---

jua_kali_nakuru

Oili chafu kwa nguzo ya uzio, sawa. Kwa kiti, suruali yako ya Jumapili itakwambia. Mimi natumia mafuta ya kitani, koti tatu nyembamba, na kila mwaka narudia moja. Hayabanduki kwa sababu hayakai juu, yanaingia ndani. Lakini angalia: kitambaa kilicholowa mafuta hayo usikikunje ukakitupa kwenye pipa. Kinajichemsha chenyewe kikawaka. Kitandaze nje mpaka kikauke.

---

mzee_wa_tezo

Mimi ni wa rangi ya mafuta. Rangi inazuia jua, mafuta ya kitani hayazuii, na jua la pwani ndilo linaloigeuza mbao kijivu. Ila kijivu si kuoza. Anayependa kijivu apake mafuta.

---

mgeni_wa_randa (wiki tano baadaye)

Wakuu, nimerudi. Nimechukua paini. Duka la kwanza ncha ilipokatwa ilikuwa nyeupe pee ndani, nikashukuru, nikaondoka. La pili kijani kiliingia karibu ubao wote. Nilizilaza juu ya vijiti siku kumi na mbili, mafinga_mbao nisamehe.

Hesabu ya mzee imetoka sawasawa, kwenye moja kwa nne ya mwisho kilibaki kipande cha kiganja. Bolti za stenlesi zilinipa homa ya bei, kwa hiyo stenlesi ni kwenye miguu tu, kwingine ni skrubu za zinki. Nimetoboa kila tundu. Hakuna uliopasuka hata mmoja!

Tatizo: kiti cha kwanza kinacheza. Miguu mitatu inakanyaga, wa nne unaning'inia kama milimita 6. Nilitaka kuukata ulio mrefu lakini sijui mrefu ni upi.

---

mzee_wa_tezo

Weka msumeno chini kwanza. Wanaokata mguu "mrefu" kwa kukisia huhamia mguu wa pili, kisha wa tatu, na mwisho wana kigoda.

Kiweke kwenye sakafu ya sementi iliyonyooka, uwe na uhakika nayo, ipime kwa pimamaji. Chomeka vikaratasi au vipande vyembamba chini ya mguu unaoning'inia mpaka kiti kitulie na kalio lilingane kushoto na kulia. Sasa chukua kipande cha mbao chenye unene wa sm 1, kilaze sakafuni, weka penseli juu yake, uizungushe miguu yote minne, kila upande. Mstari huo uko sawa na sakafu, hata kama kiti chako hakiko sawa na chochote. Kata kwenye mstari, miguu yote. Utapoteza sm 1 ya urefu, haina neno. Halafu rudia dawa nchani, maana umeifungua tena.

---

mgeni_wa_randa

Nimekata. Kimetulia kabisa, hata nikiegemea upande mmoja. Dawa inakauka, mpira wa tairi naugongomea kesho.

Shemeji anakuja Jumapili. Atakalia cha pili. Hiki cha kwanza nakikalia mwenyewe mpaka nikiamini.