Serikali ikishaomba radhi kwa madhara ya hospitali zake, imemaliza?

MLETA MADA
Wakuu, naomba tulijadili hili bila ushabiki. Mei 20, 2024 Rishi Sunak, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, alisimama bungeni akaomba radhi kwa niaba ya dola. Siku hiyo hiyo jaji mstaafu Brian Langstaff alikuwa ametoa ripoti ya uchunguzi wake: watu zaidi ya 30,000 waliambukizwa VVU au homa ya ini kupitia damu na dawa zilizotengenezwa kwa damu walizopewa na huduma ya afya ya umma, NHS, kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wapatao 3,000 wamefariki.

Walioumia sana ni wagonjwa wa hemofilia, ambao damu yao haigandi ipasavyo. Dawa yao ilitengenezwa kwa kuchanganya plazima (sehemu ya majimaji ya damu) ya maelfu ya watu, nyingine ikinunuliwa Marekani, hata kwa wafungwa. Mtoaji mmoja mwenye virusi alitosha kuchafua mchanganyiko mzima. Kulikuwa na shule ya bweni, Treloar's, yenye kituo cha NHS humo humo. Wanafunzi 122 wenye hemofilia walisoma pale kati ya 1970 na 1987. Waliobaki hai ni kama 30. Wapo waliofanyiwa utafiti bila wazazi wao kuambiwa. Mtoto umempeleka shule ili awe karibu na daktari!

Hoja yangu ni hii. Kuambukiza kwa kutojua kunaweza kusameheka, kuficha hapana. Ripoti inasema ukweli ulifichwa, nyaraka za Wizara ya Afya ziliharibiwa makusudi, na serikali ikaendelea kwa miaka kurudia kwamba wagonjwa walipata tiba bora iliyokuwepo. Hakuna afisa aliyefungwa kwa hilo. Radhi ya namna hiyo mimi naiona haijafika.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, nakuelewa ila sikubaliani nawe. Walioamua mambo haya miaka ya 1980 wengi ni marehemu. Fidia iliyotengwa ni pauni bilioni 11.8, na hiyo ni kodi ya watu ambao hawakumdhuru yeyote. Tena ukianza kushtaki watu kwa maamuzi ya miaka arobaini nyuma, daktari wa kesho ataogopa tiba mpya. Hemofilia ilikuwa inaua, na dawa ile ilipokuja ilionekana mkombozi. Tusiwahukumu kwa elimu ya leo.

MCHANGIAJI WA PILI
Hapo kwenye muda kupita, ndugu yangu, tazama Japani. Chini ya sheria iliyodumu kuanzia 1948 hadi 1996, watu wapatao 25,000, wengi wao wenye ulemavu, walifungwa uzazi, na wengi hawakuridhia. Serikali ilijitetea kwamba miaka 20 ya kudai ilishapita. Julai 2024 Mahakama ya Juu ikaukataa utetezi huo, Waziri Mkuu Kishida akaomba radhi, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kumlipa kila mwathirika yeni milioni 15. Kinachoniuma ni kwamba wengi walishazikwa.

MLETA MADA
Mchangiaji wa kwanza, ahsante kwa hoja. Serikali ya leo inarithi mikataba na madeni ya iliyopita, na majengo pia. Hili nalo inalirithi.

Kuhusu madaktari, sijasema aliyekosea kwa nia njema ashtakiwe. Ufaransa mwaka 1992 ilimhukumu Michel Garretta, aliyekuwa mkuu wa kituo cha taifa cha damu, kifungo cha miaka 4, kwa sababu huko nako dawa ya hemofilia iliendelea kugawiwa ilhali ilijulikana ina virusi. Mwaka 1999 hata Laurent Fabius, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, alipandishwa kizimbani kwa kashfa hiyo hiyo, akaonekana hana hatia. Madaktari wa Ufaransa hawakuacha kutibu.

Septemba 2025 serikali ya Uingereza ilipeleka bungeni muswada wa kuwalazimisha watumishi wa umma kusema ukweli mbele ya uchunguzi, na kumfanya anayepotosha makusudi kuwa mhalifu. Mimi ningeutaka kila nchi, tena kabla kashfa haijatokea.

Basi nijibuni hili: afisa aliyeagiza nyaraka za Wizara ziharibiwe, na sasa ni mzee mstaafu, apelekwe mahakamani au aachwe?